Magoti ya Mwanikaji

Kwa miaka zaidi ya ishirini mwanamke huyu aliwaanika ndagala wangu, na sikuwahi kumwona akikimbia isipokuwa mvua inapokuja. Wakati mwingine wote alikuwa amepiga magoti. Sipambi maneno. Alipiga magoti kweli, juu ya mchanga wa Rumonge, kati ya mistari ya wale samaki wadogo ambao Kigoma wanawaita dagaa, akiwageuza kwa kiganja kama mtu anayepangusa unga mezani. Watu walimwita mwanikaji. Jina lake ninalijua, lakini sitaliandika. Ametembezwa vya kutosha.

Mimi si mtu wa shule. Nilisoma miaka miwili, mwalimu akanichapa, nikamwachia shule yake. Herufi nilizimalizia kwenye mifuko ya chumvi na kwenye mbavu za mitumbwi. Leo nina mitumbwi miwili, uwanja wa kuanikia wenye uzio wa mabati, na nyumba ya matofali ya kuchoma. Hakuna aliyenipa. Nasema haya mapema ili ujue anayeandika ni mtu wa namna gani, maana mbele kuna jambo langu ambalo halina sifa.

Tuanze na magoti. Alikuwa akiyavisha. Alikata soli za kandambili mbovu, akazitoboa, akazifunga chini ya magoti kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baisikeli. Goti la kulia soli ya bluu, la kushoto soli nyekundu, kwa sababu kandambili za kuokota ufukweni haziji mbili mbili. Zikichakaa alitafuta nyingine, lakini mpango wa rangi haukubadilika. Nikamuuliza kwa nini.

"Nikivaa kinyume nitapotea njia," akasema.

Hakucheka. Sikujua kama ni mzaha. Kwake mara nyingi hukujua.

Walikuja watu wa mradi fulani na vichanja vya waya, samaki waanikwe juu, mtu afanye kazi amesimama. Wanawake wote walifurahi. Yeye alikizunguka kichanja kimoja, akakibonyeza kwa mkono, akasema, "Hii ni kitanda ya mugonjwa. Ndagala wangu hawaumwe." Akarudi mchangani. Lakini wanawake wadogo waliotaka kubaki naye chini aliwafukuza kama kuku. "Mwende juu! Nyie mungali na mavi mazuri."

Hapo lazima nieleze. Mwanikaji alikuwa mtu wa milimani, upande wa Bugarama, na Kirundi ndicho kilichokuwa mdomoni mwake. Kiswahili alikiokota huku ziwani, kwetu sisi ambao ni cha mama zetu. Kirundi wanasema amaso, sisi tunasema macho. Wanasema amazi, sisi maji. Yeye aliona njia: ondoa ile "a" ya mbele, umefika. Sasa, magoti kwa Kirundi ni amavi. Akaondoa "a", na kilichobaki wewe msomaji unakijua. Mimi naona hesabu yake ilikuwa safi kuliko ya watu wengi waliosoma. Ilimwangusha kwenye neno moja tu.

Uwanjani tulimcheka siku ya kwanza, mbele yake. Akauliza tunacheka nini. Tukamwambia. Alicheka mpaka akajiangusha mchangani, chumvi ikamwagika, halafu akajipangusa machozi na kusema, "Ni mavi yangu. Nayaita vile nataka." Akaendelea hivyo hivyo. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyelisikia tena neno hilo. Lilikuwa neno la kazi, kama wavu, kama chumvi. Kanisani kwake wenzake wakipiga magoti yeye alibaki kwenye benchi, na katekista alipomuuliza alimjibu, "Mungu ananiona juu ya mavi juma nzima. Siku moja aniache nikae." Katekista aliinamisha kichwa, akaenda zake.

Sitaki udhani alikuwa mpole. Alikuwa na mdomo. Hakuna mtu aliyepita uwanjani kwangu bila kupewa jina. Mnunuzi mmoja mwenye tumbo alimwita Bwana Mimba, na kila alipofika alimuuliza ni mwezi wa ngapi. Mimi aliniita Profeseri, kwa sababu ya ile miaka yangu miwili. Kicheko changu nacho alikipa jina. Mimi nikicheka, naanza juu, halafu kinakwama, halafu naishia kukohoa. Alisema ni pikipiki inayokataa kuwaka. "Profeseri, piga tena kiki!" alikuwa akinipigia kelele kutoka mwisho wa uwanja. Nami nilimjibu. Nilimwambia yeye ni bata, anatembea kama anaogopa kuvunja mayai. Alipenda ukimjibu. Ukinyamaza alikuona mgonjwa.

Lakini alikuwa na sheria moja, na sheria hiyo niliiona kwa macho yangu. Alikuja mama mmoja, mrudi kutoka ukimbizini Tanzania. Alikaa kule miaka mingi mpaka Kirundi chake kikawa na harufu ya Kasulu. Alisema neno fulani vibaya, akaondoka kwenda kuteka maji, na wanawake wakaanza kumwigiza huku nyuma. Mwanikaji aliacha samaki.

"Muite kwanza," akasema.

"Nani?"

"Yule munamucheka. Muite, akuje hapa. Halafu mucheke, asikie, ajibu."

"Ah, Mama, tunacheza tu."

"Basi mucheze naye."

Hakuna aliyemwita. Kicheko kikaisha. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kivuli cha mabati na nilimwona amezidisha. Nilisema moyoni, huyu naye, yeye anawaita watu Bwana Mimba. Sikuelewa tofauti. Nilikuwa mtu mzima mwenye mitumbwi miwili na sikuielewa.

Jambo jingine lake ni mvua. Mvua yetu inatoka ng'ambo, juu ya milima ya Kongo. Yeye aliitazama ile milima kama wengine wanavyotazama saa. Alikuwa akinyanyuka ghafla, anasimama wima na soli zake mbili magotini, na anapiga kelele, "Anueni!" Sauti yake ilifika mpaka kwenye mitumbwi. Alisema kwa Kiswahili kwa sababu uwanjani kulikuwa na watu wa kila aina: wa milimani, warudi wa Tanzania, mama wawili wa mji wa Baraka, ng'ambo Kongo. Wote walikimbia, wakavuta shitingi, ule mkeka wa plastiki, wakafunika. Kwa miaka yote hiyo nilipoteza samaki kidogo sana. Watu walisema nina bahati. Sauti ile ndiyo iliyokuwa bahati yangu.

Na mgeni akija uwanjani alimsemesha Kiswahili, hata kama kilimchosha. "Mugeni umusemeshe vile anasikia," alisema. Ndivyo alivyonaswa.

Alikuja mgeni mmoja mwenye miwani ya jua, akajifanya mnunuzi. Mimi nilikuwa Minago siku hiyo. Nimeambiwa baadaye kwamba alichuchumaa karibu naye, simu mkononi, akamuuliza, "Mama, pole na kazi, unaumwa wapi?" Kwa sababu goti moja lilikuwa limevimba na alikuwa akilikanda. Akamjibu kwa Kiswahili, kwa heshima, kama anavyomjibu mgeni. Kwamba mavi inamuuma. Kwamba tangu asubuhi yuko juu ya mavi. Kwamba ya kushoto ndiyo imevimba zaidi. Mgeni akashukuru, akaondoka, hakununua hata kilo moja.

Video ilinifikia siku chache baadaye, na haikutoka Rumonge. Ilitoka Kigoma, kwa mfanyabiashara mwenzangu. Nilikuwa tena Minago, nimekaa juu ya magunia nikingoja gari. Walikuwa wamemwekea kichwa cha mbuzi usoni, cha kuchora, kinachochezacheza masikio. Sauti walikuwa wameikondesha ikawa ya panya. Nyuma waliweka ngoma. Bibi mwenye kichwa cha mbuzi anasema mavi inamuuma, mavi imevimba, tangu asubuhi yuko juu ya mavi.

Nilicheka. Nilicheka mpaka mwenye pikipiki aliyekuwa pembeni akaja kutazama, akacheka naye, tukairudia. Neno ambalo nililisikia kila siku uwanjani kwangu bila kugeuza kichwa, pale nililisikia kwa masikio ya watu wa Kigoma. Halafu nikaituma kwenye kundi letu la wauza ndagala, ambalo lina watu wa Uvira, Baraka, Kigoma, Makamba, wengi siwajui hata sura. Na kwa kuwa kuandika kwa kidole kunanichosha, nikabonyeza nikaongeza sauti yangu:

"Huyu bibi wa wapi huyu? Kiswahili kimemshinda. Arudi shule!"

Na kicheko. Chote, mpaka kikohozi.

Mimi, wa miaka miwili.

Jioni binti yangu aliniletea simu yake, ile kubwa, anionyeshe kitu ambacho kila mtu anakitazama. Nikavaa miwani. Kwenye kioo kikubwa mtu anaona pembe zote. Chini kulia, kwenye mchanga, palikuwa na goti lenye soli ya bluu. Karibu yake nyekundu.

Binti akasema, "Baba, hucheki?"

Nikamrudishia simu yake.

Kesho yake nilijaribu kuifuta. Kwangu ilifutika. Nilimpigia yule wa Kigoma aifute na yeye, awaambie na wengine.

"Mzee, kwa nini? Ni mtu gani huyo? Hatumjui."

"Mimi namjua."

"Unamjua? Si wewe ndiye uliyesema arudi shule? Sauti yako ndiyo inazunguka na video. Watu wanakipenda kile kicheko."

Nikakata simu. Nilikwenda uwanjani. Alikuwa mchangani. "Amahoro, Mama," nikasema. "Amahoro," akasema, akaendelea kugeuza. Nilingoja aniite Profeseri. Hakuniita. Nikajiambia hajaiona, simu yake ni ya kubonyeza, haina picha.

Kama hakuiona wiki hiyo, aliletewa wiki iliyofuata. Watu walianza kupita. Mitumbwi ya abiria ikipita karibu na ufuko, mtu anasimama na kupiga kelele, "Mama, mavi inauma?" na mtumbwi mzima unacheka na kwenda zake. Walikuja wengine kwa pikipiki, wakasimama nje ya uzio, wakainua simu juu ya mabati. Niliwafukuza. Walirudi. Hawakuwa watu wabaya wa uso. Mmoja aliniamkia vizuri kabla ya kuinua simu.

Kisha mambo yalibadilika, kidogo kidogo. Mwanikaji aliacha Kiswahili. Wageni walipomsemesha aliwatazama, halafu akatazama mchanga. Mmoja wa wale mama wa Baraka, ambaye hajui Kirundi na ambaye walikaa naye bega kwa bega miaka, ilibidi atumie vidole. Majina ya watu yakakoma. Bwana Mimba alikuja, akasimama akingoja aulizwe ni mwezi wa ngapi, hakuulizwa. Alininong'oneza, "Nimemkosea nini?" Nikasema sijui.

Halafu siku moja nilifika nikakuta ile soli ya bluu na ile nyekundu zimetundikwa kwenye nguzo ya uzio, na yeye amesimama kwenye kichanja pamoja na wanawake wadogo. Hakusema kwa nini amehama. Zilikaa pale kwenye nguzo mpaka mpira ukakauka ukakatika.

Na ile sauti ya mvua. Badala ya kupiga kelele alichukua mfuniko wa sufuria na kijiko. Wingu likitoka Kongo aligonga mfuniko. Ulitosha siku za utulivu. Lakini mvua kubwa huja na upepo, na siku moja upepo ulitokea upande mbaya, ukauchukua mlio wa mfuniko ukaupeleka milimani. Wanawake waliokuwa mbele hawakusikia. Nilikuwapo. Nilimwona anagonga, anagonga, mdomo umefumba. Mtu anaweza kufumba mdomo hivyo huku anatazama jasho la watu likiharibika. Mvua ikapiga. Samaki wa siku tatu wakawa uji.

Wanawake walimtazama. Yeye alitazama mfuniko. Kisha wote wakanitazama mimi, maana mimi nikipoteza samaki husikika mpaka sokoni. Nilichukua koleo nikaanza kukusanya ule uji. Walisema mzee sasa amekuwa na huruma. Niliwaacha waseme.

Nimelifikiria jambo hili, si sana, kiasi cha kichwa changu. Zamani nilikwenda Kigoma kuuza, nikaingia kwenye kibanda cha chai, nikauliza, "Maji iko moto?" Mwenye kibanda akawageukia wateja akasema, "Jamani, maji iko moto!" Wakacheka. Niligonga meza. Nikamwambia asimame, anieleze kwangu mimi, yeye na Kiswahili chake chote, ana mitumbwi mingapi. Akaomba radhi, tukanywa chai, na baadaye nikamuuzia samaki kwa miaka. Nilikuwa na meza ya kugonga. Nilikuwa na uso wa kumtazama. Mwanikaji angegonga nini? Watu waliomcheka walikuwa wengi kuliko samaki wa uwanjani kwangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwapo. Na mimi niliyekuwapo kila siku, nilikuwa nimejificha humo humo kati yao.

Naweza kusema sikujua ni yeye. Ni kweli. Nilidhani ni mtu nisiyemjua. Nimeligeuza neno hilo kama yeye alivyowageuza samaki, na kila upande lina unyevu. Ningekuwa nimemjua nisingecheka vile. Kwa hiyo nilicheka kwa sababu nilidhani bibi huyo si wa mtu yeyote.

Aliacha kazi kiangazi kilichofuata. Hakuaga. Alimtuma mtu aseme magoti yamekataa. Nilibaki miezi mingi bila kwenda kwake, na kila juma nilikuwa na sababu: mtumbwi unavuja, injini, msiba. Mwaka huu, magoti yangu mimi nayo yakaanza. Nikapanda pikipiki mpaka Kizuka, ambako anakaa na dada yake, katikati ya michikichi. Nilichukua ndoo ya ndagala.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, miguu ameinyoosha mbele, anachambua ngazi, yale matunda ya mchikichi, na viganja vyake vimekuwa vyekundu kwa mafuta. Amekonda. Aliniamkia kwa Kirundi na kunionyesha benchi. Alifungua ndoo, akachukua ndagala mmoja, akatafuna polepole, akasema, kwa Kirundi, kwamba hawa wamelala kitandani, hawana ladha. Nikasema ni kweli. Tukakaa. Kuku walikuwa wakipitapita chini ya miguu yake.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalikuwa yamenitoka. Nikasema, "Mama, ile video. Niliituma na mimi."

"Ndabizi," akasema. Najua. Hakuacha kuchambua.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna."

Alitupa ngazi tatu au nne kwenye beseni. Halafu akasema kwa Kiswahili, na tangu ile siku ya miwani ya jua nilikuwa sijamsikia akikisema:

"Mutu alifungua simu pale uwanjani, yeye hakujua. Mimi walinibadirisha sauti. Wewe hawakukubadirisha. Pikipiki yenye inakataa kuwaka. Niliijua mbele, haujamaliza hata kucheka."

"Siku gani hiyo?"

"Siku ulinisalimia amahoro."

Siku ile ile. Kwa hiyo alijua wakati anazitundika soli zake kwenye nguzo. Alijua wakati anagonga mfuniko. Miezi yote ile alisimama kwenye kichanja akigeuza samaki wangu na alijua, na jioni aliniambia mwiriwe kama kawaida.

"Ulisema nirudi shule," akasema.

"Nilisema."

"Profeseri."

"Nisamehe, Mama."

Alijifuta viganja kwenye gunia, kimoja, halafu kingine, mpaka katikati ya vidole. Akasogeza beseni kando. Akajinyoosha mgongo kwenye kigoda na kunitazama usoni.

"Sasa niko hapa," akasema. "Cheka."

"Mama..."

"Mavi inaniuma, Profeseri. Yote mbili. Nakuambia mwenyewe, kwa mudomo yangu. Cheka, nisikie. Nitakujibu."

Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka, hata kikohozi. Alingoja. Aliutazama mdomo wangu kama alivyokuwa akiitazama milima ya Kongo, kwa muda mrefu, bila haraka, akapima, akaona hakuna kinachokuja. Akavuta beseni lake, akarudi kwenye ngazi.